Kulitawala Joto: Wahunzi, Wachoma Mkaa na Mashine za Handeni na Korogwe

Kudhibiti joto la tanuri ni kazi ya hatua tatu zinazofuatana bila kukoma: kupima joto lililopo, kulilinganisha na joto linalotakiwa, kisha kuongeza au kupunguza moto kwa kadiri ya tofauti iliyoonekana. Matokeo hupimwa tena, na kazi huanza upya. Wahandisi huuita mzunguko huo mrejesho, na kifaa kinachoufanya bila mkono wa mtu hukiita kidhibiti. Katika wilaya za Korogwe na Handeni, mkoani Tanga, kazi hiyo ni ya zamani kuliko kifaa chochote kilichowahi kushushwa bandarini. Ilianza kwa wayeyusha chuma na wahunzi, wachoma mkaa wakaiendeleza, na zama za mvuke na umeme zilipofika ikaanza kukabidhiwa mashine.

Habari za chuma katika sehemu hizi ni za kale sana. Katika miaka ya 1960 mwanaakiolojia Robert Soper alichunguza maeneo ya kale ya kaskazini-mashariki mwa Tanzania, na mwaka 1967 akachapisha taarifa za vyungu vinavyofanana na vile vya Kwale, Kenya. Vyungu hivyo ni vya karne za mwanzo baada ya Kristo, na waliovifinyanga walikuwa wakulima waliokijua chuma. Baadaye Jonathan Walz alilichunguza bonde la Pangani, pamoja na maeneo ya Korogwe na Mombo. Tasnifu yake ya mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha Florida inaonyesha kuwa bonde hilo lilikuwa na mawasiliano na pwani karne nyingi kabla ya misafara ya pembe za ndovu ya karne ya 19. Katika milima jirani ya Upare, ufundi wa chuma ulikuwa msingi wa utawala wenyewe. Isaria Kimambo, katika historia yake ya Wapare ya mwaka 1969, anaeleza jinsi ukoo wa Washana, uliokuwa ukoo wa wahunzi, ulivyotawala Ugweno kabla ya kuangushwa na Wasuya. Aliyeweza kuutawala moto aliweza kuwapa watu majembe na mikuki, na kwa hiyo aliweza kuwatawala.

Ugumu wa kuyeyusha chuma uko kwenye mipaka miwili ya joto. Mkaa ukiungua kwa hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, na gesi hiyo ndiyo inayoinyang'anya mitapo oksijeni na kuacha chuma. Lakini mitapo huwa na mchanga na takataka nyingine, ambazo lazima ziyeyuke na kutiririka kama mavi ya chuma. Hilo halitokei vizuri chini ya nyuzi 1,150 hadi 1,200 za Selsiasi. Joto likishuka chini ya hapo, mavi huganda katikati ya tanuri na kazi ya siku nzima hupotea. Joto likipanda mno huku mkaa ukiwa mwingi, chuma hunywa kaboni, huyeyuka kabisa na kuwa chuma kinachovunjika kikipigwa nyundo. Mhunzi hana kazi nacho. Chuma safi huyeyuka kwa nyuzi 1,538, na myeyushaji wa kale hakuhitaji kufika huko. Alitaka bonge laini lenye vitundu, ambalo lingefuliwa likiwa la moto hadi mavi yatoke.

Vipimo vyake vilikuwa rangi ya mwali juu ya tanuri, mwanga uliochungulia kupitia mabomba ya udongo ya kuingizia hewa, sauti ya upepo ndani ya mkaa, na namna mavi yalivyotiririka. Cha kurekebishia kilikuwa mivukuto. Kasi ya mivukuto ilipoongezwa, hewa iliongezeka na joto likapanda. Ilipopunguzwa, tanuri lilipoa. Kilichomtenga fundi na mwanafunzi kilikuwa kuujua ukawiaji. Mitapo na mkaa vilivyotiwa juu huchukua muda mrefu kushuka hadi mahali pa moto mkali, na kosa lililofanywa mapema huonekana limekwisha kukomaa. Mtu asiyejua hilo huona joto limeshuka, huvukuta kwa nguvu, haoni mabadiliko, huzidisha tena, na nguvu zote mbili hufika kwa pamoja baadaye na kulipitisha tanuri kiasi. Wahandisi wa leo wanapambana na tatizo hilo hilo katika matanuri yenye kompyuta.

Picha iliyo wazi zaidi ya ufundi huu nchini Tanzania imetoka Buhaya, kaskazini-magharibi mwa nchi. Katika miaka ya 1970 Peter Schmidt na Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya waliowahi kuyeyusha chuma ujanani waijenge upya kazi yao, na mwaka 1978 wakachapisha matokeo katika jarida la Science. Mabomba ya hewa yaliingizwa ndani sana ya tanuri, na watafiti hao walidai kuwa hewa ilipata joto humo kabla ya kuufikia mkaa. Wataalamu wengine walilipinga dai hilo la hewa kupashwa joto mapema, na mjadala uliendelea kwa miaka mingi. Ustadi wa wazee wenyewe haukubishaniwa: waliliendesha tanuri kwa saa nyingi, wakalishika katika joto linalofaa, bila kipimo chochote chao wenyewe zaidi ya macho na masikio.

Mhunzi alifanya kazi ndogo kuliko ya myeyushaji, ila ilitaka usahihi zaidi. Kipimajoto chake kilikuwa rangi ya chuma. Chuma huanza kuonyesha wekundu hafifu katika nyuzi 600 hivi, huwa chekundu kilichokolea kati ya 750 na 800, huelekea rangi ya chungwa karibu na 950, njano karibu na 1,100, na kwenye nyuzi 1,300 hivi huwa cheupe na kurusha cheche. Vipande viwili huungana kwa kupigwa karibu na weupe huo tu. Upanga au kisu kinachotiwa makali huchovywa majini kikiwa kwenye wekundu uliokolea, kisha hupashwa tena kidogo ili kisivunjike. Rangi hizo hubadilika machoni kulingana na mwanga wa mazingira, na ndiyo maana wahunzi popote duniani hupenda kufulia kivulini. Kipimo kikisomwa juani kinadanganya.

Majembe ya viwandani kutoka Ulaya yaliposhushwa kwa wingi pwani, kuyeyusha mitapo kukafifia. Uhunzi ulibaki, ukilishwa na chuma chakavu, na mivukuto haikunyamaza.

Mkaa ulioyalisha matanuri hayo ulikuwa na udhibiti wake, na huu ndio uliodumu Handeni hadi leo. Misitu ya miyombo na vichaka vya Uzigua, nchi ya Wazigua ambamo Handeni imo, vilikuwa chanzo cha mkaa kwa wahunzi kwanza, kisha kwa miji. Barabara kuu ya kutoka Chalinze hadi Segera hupita Mkata na Kabuku, na imeifanya Handeni, pamoja na Kilindi iliyotengwa nayo mwaka 2002, kuwa karibu na soko la Dar es Salaam. Mwanahistoria James Giblin, aliyeandika mwaka 1992 kuhusu Uzigua kati ya 1840 na 1940, ameonyesha jinsi ukame na njaa vilivyokuwa vikiirudia nchi hii. Mahali ambapo mahindi hukauka shambani, mti uliosimama ni akiba, na mkaa ni njia ya kuifikia.

Tanuri la mkaa lina lengo lililo kinyume na la chuma: hewa inatakiwa kuingia kwa kiasi kidogo kabisa. Magogo hupangwa kwa safu juu ya vijiti vilivyotandikwa, hufunikwa kwa majani na nyasi, kisha kwa udongo. Upande mmoja huachwa mlango wa kuwashia, na pembeni matundu machache ya hewa na moshi. Kazi ya kwanza ya moto ni kukausha mti, na wakati huo joto la magogo halipandi sana, kwa kuwa nguvu yote huishia kwenye kufukuza maji. Baada ya hapo mti huanza kuvunjika wenyewe. Karibu na nyuzi 280 hutokea jambo linalobadilisha kabisa kazi ya mchomaji: mti unaovunjika huanza kutoa joto badala ya kulinyonya. Tanuri sasa linajichochea lenyewe hadi nyuzi 400 au 500.

Hapa ndipo hatari ilipo. Magogo yanapogeuka mkaa hunywea, udongo ulio juu hudidimia na kupasuka, hewa huingia kwenye ufa, joto hupanda, na joto hilo huongeza ufa. Huu nao ni mrejesho, ila ni ule unaolikuza kosa badala ya kulipunguza. Ukiachwa usiku mmoja, asubuhi hukutwa majivu. Mchoma mkaa husimama katikati ya mzunguko huo na kuugeuza: huona moshi mahali pasipotakiwa, huziba kwa udongo mbichi, hupunguza tundu la upande wa upepo, hufungua jingine upande uliobaki baridi. Kwa sababu hiyo wachomaji hulala karibu na matanuri yao, kwa siku kadhaa kwa tanuri dogo na hata wiki mbili au zaidi kwa kubwa.

Kipimajoto chao ni moshi. Mwanzoni huwa mweupe na mzito, kwa kuwa sehemu kubwa ni mvuke wa maji. Kisha huelekea unjano na kijivu, ukali wake ukiwasha macho, wakati mti unapovunjika na kutoa lami na asidi. Mwishoni huwa mwembamba wenye ubuluu, na huo ni ujumbe kwamba sehemu hiyo imeiva na inapaswa kuzibwa kabla mkaa haujaanza kuliwa na moto. Moshi wa kila tundu hueleza habari za upande wake, na fundi husoma matundu yote kwa pamoja. Kumwita mtu huyu mharibifu wa msitu tu, kama inavyosemwa mara nyingi, ni kukataa kuona kwamba anaendesha mtambo mgumu wenye vipimo visivyo kamili na ukawiaji mkubwa.

Wakati kazi hiyo ikifanywa kwa macho Afrika Mashariki, Ulaya iliingia katika jitihada za kulifanya tanuri lijitazame lenyewe. Mholanzi Cornelis Drebbel, karibu na mwaka 1620 akiwa Uingereza, alitengeneza tanuri lenye chombo cha pombe na zebaki: joto lilipozidi, kimiminika kilitanuka, zebaki ikasukumwa, na kijiti kikafunga tundu la hewa. Mfaransa Bonnemain alifuata mwishoni mwa karne ya 18 kwa vyombo vya kuangulia vifaranga vilivyotumia kutanuka kwa metali. Mwaka 1830 Andrew Ure wa Scotland alikipa kifaa cha metali mbili zilizoshikanishwa jina la themostati. Metali hizo hutanuka kwa viwango tofauti, kwa hiyo ukanda wake hupinda ukipata joto na huweza kufungua au kufunga valvu. Mwaka 1883 Warren Johnson wa Marekani alipata hataza ya themostati ya umeme ya vyumba.

Udhibiti wa namna hiyo uliingia Korogwe juu ya reli. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893, ukafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Katika garimoshi, mchochea moto alifanya kazi ya kidhibiti akitumia geji ya shinikizo. Geji hiyo ni kipimajoto kwa njia nyingine, kwa sababu katika boila joto la mvuke na shinikizo lake huenda pamoja: kwa shinikizo la bar 10, mvuke huwa na nyuzi 180 hivi. Mchochea moto aliyeona mlima mbele alitia kuni kabla sindano ya geji haijashuka, na hivyo kuupunguza ukawiaji kwa kuijua njia. Shinikizo lilipopita kikomo, valvu ya usalama ilifunguka yenyewe bila kumngoja mtu.

Mashamba ya mkonge yalileta mashine nyingine. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, na iliyofika hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo ulikua utajiri wa Magunga, Ngombezi, Mazinde, Hale na mashamba mengine ya njia ya reli. Kila shamba lilikuwa na korona, kinu cha kusindika majani kuwa singa, na korona za mwanzo ziliendeshwa kwa mvuke. Mashine ya mvuke ilikuwa na gavana, kifaa alichokitumia James Watt mwaka 1788: vyuma viwili vya mviringo huzunguka, kasi ikizidi hutawanyika, na mtawanyiko huo hufunga valvu ya mvuke. Gavana hudhibiti mwendo, si joto, lakini kanuni ni moja. Mwaka 1868 James Clerk Maxwell alieleza kwa hesabu kwa nini baadhi ya gavana hazitulii, zikipanda na kushuka bila kukoma. Ni ugonjwa ule ule wa mvukutaji asiyejua ukawiaji.

Mwaka 1964 kituo cha umeme wa maji cha Hale, chenye uwezo wa megawati 21, kilianza kazi kwenye mto Pangani. Umeme ndio uliofungua mlango kwa vidhibiti vya kisasa katika wilaya ya Korogwe, na faida yake huonekana vizuri zaidi kwenye chai. Viwanda vya chai vilijengwa karibu na mashamba, Ambangulu na Dindira yakiwa miongoni mwa yale ya upande wa Korogwe wa Usambara Magharibi, kwa kuwa jani lililochumwa halingoji. Jani lililosagwa na kuiva rangi huingia kwenye kikaushio likiwa bado na maji mengi, zaidi ya nusu ya uzito wake, na hutoka likiwa na asilimia 3 hivi. Hewa inayoingia huwa na nyuzi 90 hadi zaidi ya 100. Inayotoka huwa karibu na 50. Joto likiwa dogo, jani huendelea kuchacha ndani ya mashine na chai hupoteza ukali. Likizidi, ganda la nje hukauka haraka na kuufungia unyevu ndani, na chai huvunda ghalani hata kama ilionekana kavu kiwandani.

Kidhibiti rahisi kabisa cha kikaushio huwasha na kuzima. Hewa ikipoa, hufungua. Ikifikia kiwango, hufunga. Kwa sababu tanuri hubaki na moto hata baada ya kufungwa, joto hupita kiwango, kisha hushuka chini yake, na hucheza hivyo siku nzima. Kidhibiti bora hutumia hesabu tatu kwa pamoja. Ya kwanza hurekebisha kwa uwiano wa kosa: kosa kubwa, marekebisho makubwa. Peke yake huacha pengo dogo lisilozibika, kwa hiyo ya pili hujumlisha makosa yote yaliyopita, na pengo likidumu huongeza nguvu polepole hadi liishe. Ya tatu hutazama kasi ya mabadiliko, na joto likipanda haraka huanza kupunguza moto kabla kiwango hakijafikiwa.

Asili ya hesabu hizo tatu ni muhimu kwa historia hii. Nicolas Minorsky alizieleza mwaka 1922 baada ya kuwatazama washika usukani wa jeshi la majini la Marekani. Aliona kuwa mshika usukani hodari hajali tu meli imepotoka kiasi gani, bali pia imepotoka kwa muda gani na inarudi kwa kasi gani. Mwaka 1942 Ziegler na Nichols walichapisha njia ya kupanga viwango vya vidhibiti hivyo kiwandani, na njia yao bado hufundishwa vyuoni. Sayansi ya udhibiti, kwa hiyo, ilipiga hatua yake kubwa kwa kumheshimu fundi na kuandika alichokuwa akikifanya. Mchoma mkaa wa Handeni hufanya mambo hayo matatu: huziba kwa kadiri ya moshi, hukumbuka upande uliochelewa tangu jana, na huwahi anapoona moshi unabadilika ghafla.

Mahali ambapo mashine imemzidi mtu bila ubishi ni maabara. Maabara ya utafiti ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu mjini Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo mwaka 2021. Kazi ya aina hiyo hutegemea vidhibiti joto kila saa: chanjo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, vimelea vya bakteria huoteshwa kwa nyuzi 37, na vyombo hutakaswa kwa mvuke wa nyuzi 121. Hakuna jicho linaloweza kuzitofautisha nyuzi 8 na 10, wala mtu anayeweza kuikesha friji kwa miaka mitano.

Teknolojia hiyo haijalifikia tanuri la mkaa. Yapo matanuri yaliyoboreshwa, likiwemo la Casamance lililotokea Senegal, ambalo huongezewa bomba la moshi ili mkondo wa hewa uwe wa uhakika na kurekebishika. Kuanzia 2018 mradi wa FORVAC, uliofadhiliwa na Finland, ulifanya kazi ya usimamizi wa misitu ya vijiji Handeni na Kilindi. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Hadi wakati huo mkaa utaendelea kuchomwa, na kiasi cha msitu kitakachokatwa kitategemea sana jinsi joto linavyodhibitiwa chini ya udongo. Tanuri la kienyeji kwa kawaida hutoa mkaa wa asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa mti mkavu, yaani tani 5 hadi 10 za magogo kwa tani 1 ya mkaa. Lililoboreshwa na kusimamiwa na fundi hodari hufikia asilimia 25 au zaidi, na kwake tani 4 zinatosha.